Hukumu Uliyokuja Kuiulizia Kila Jumamosi

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipotuacha ukiwa kwenye kiti chako cha barazani, miwani puani na gazeti mapajani. Familia imenichagua mimi, binti yako, niandike ukumbusho huu. Kaka amesema nisizidishe maneno. Wewe ungeniongezea muda.

Tunakumbuka ulivyoingia Mahakama ya Rufani ukiwa jaji mgeni kuliko wote. Huko, ulitueleza, mgeni ndiye huanza kusema kwenye jopo ili asifuate mkumbo wa wakubwa. Ukauleta utaratibu huo nyumbani. Hata rangi ya makochi ilijadiliwa kwa kuanza na kitinda mimba, aliyekuwa na miaka saba, na ndiyo maana tulikalia makochi ya zambarau miaka yote ile.

Lakini wewe mwenyewe ulikuwa mwoga. Karani wako alituchekesha msibani. Alisema miaka yako minne ya kwanza ulikuwa ukiwatazama kwanza wakubwa nyuso, ndipo unajua sheria inasemaje.

Mwaka wa tatu wa ujaji wako, shauri langu lilifika sebuleni. Nilitaka kuolewa na fundi friji. Jopo lilikuwa la watu watano. Kitinda mimba akaanza: "Mimi namtaka huyo huyo. Friji yetu si ameitengeneza yeye?" Kaka akasema watu watatucheka. Mama akasema niachwe niolewe na ninayempenda. Zamu ikafika kwako, na baada yako alibaki Baba Mkubwa, kaka yako, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata ukiwa na joho lako ulimwamkia kwa kuinama. Ukamtazama usoni. Ukasema, "Nakubaliana na kaka yangu." Baba Mkubwa alikuwa bado hajafungua mdomo. Alipoufungua, nikawa nimeshindwa kwa kura tatu kwa mbili.

Niliolewa hivyo hivyo, nikahamia mtaa wa mafundi, na kwa miaka minane sikukanyaga kwako. Iliniuma, Baba, na ilizidi kuniuma kwa sababu nilijua huna neno baya na yule kijana. Ulimwogopa kaka yako tu. Habari zako nikawa nazipata kwa Mama.

Ndiyo maana miaka yako ya kati naijua kwa kusimuliwa. Woga ulikuisha, ukaja mdomo. Uliwakatiza mawakili mpaka wakawa wanaleta maji ya kunywa wakikusubiri umalize, kisha ukahamia kwa msomaji habari wa kwenye runinga: "Swali hujalijibu." Uliandika hukumu ya kurasa mia mbili na kumi na mbili juu ya kipande cha ardhi kisichotosha kuegesha baiskeli. Mama alisema ukiombwa chumvi mezani, unaanza na historia ya shauri.

Kisha, polepole, ukanyamaza. Wakubwa walistaafu mmoja mmoja, ukawa wewe wa kusema mwisho, na karani anasema hapo ndipo ulipoanza kusikiliza. Hukumu zako zikawa kurasa sita. Ulianza kutofautiana na wenzako, peke yako, bila kumtazama mtu usoni. Na nyumbani ukaanza kupekua karatasi za zamani. Mama alidhani umepoteza hati ya nyumba.

Jumamosi moja asubuhi ukabisha hodi kwangu, suti ya kazini, tai, faili kwapani. Hukutaka kukaa. Ulifungua faili ukaanza kusoma pale pale mlangoni, kurasa kumi na moja. Mume wangu akatoa kichwa ndani ya friji ya mteja, akasimama wima na bisibisi yake. Jirani aliyekuwa anapita na ndoo naye akasimama, asijue ameshtakiwa kwa lipi. Ulipitia ushahidi wote, hadi ile friji yenu, ambayo ulithibitisha kwamba bado inagandisha. Ukurasa wa tisa ukafika penyewe: "Nilikosea. Sikumsikiliza mwanangu. Niliangalia uso wa kaka yangu." Sauti ilikukatika, ukakohoa, ukamalizia kurasa mbili zilizobaki.

Halafu ukauliza, "Mwenye shauri ana la kusema?"

Nilikuwa nimekaa na hasira miaka minane. Nikasema, "Uamuzi wangu nitautoa tarehe nitakayokutangazia."

"Ni haki yako, mwanangu," ukasema, ukaandika kwenye kidaftari chako.

Jumamosi iliyofuata ulikuja kuulizia. Nikakuambia bado unachapwa. Iliyofuata, karani anaumwa. Iliyofuata, faili halionekani. Ulijikuna kichwa ukasema, "Kumbe ndivyo tunavyowafanya watu." Lakini ulikuja tena. Miaka miwili ulikuja, ukimmulikia mkwe wako tochi nyuma ya mafriji, ukibishana naye kuhusu kompresa kana kwamba umeisomea, mjukuu wako kakupanda mgongoni. Kila ukiondoka ulisimama mlangoni ukivaa viatu taratibu.

"Ile hukumu vipi?"

"Wiki ijayo, Baba."

Halafu ikaja Jumanne ile.

Basi leo nausoma uamuzi, mbele ya familia na wasomaji wa gazeti hili. Ni mfupi kuliko hukumu zako zote. Nilikusamehe siku ile ile mlangoni, ukiwa bado ukurasa wa pili. Niliuahirisha kwa sababu niliogopa kwamba ukishaupata, hutakuja tena.

Unakumbukwa na mke wako. Na kaka yako, Baba Mkubwa, ambaye friji yake iko kwetu kwa matengenezo tangu juzi. Na watoto wako watatu, mkwe wako fundi, mjukuu wako, na karani wako, aliyeomba naye atajwe.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na Jumamosi zaidi.