Ovaroli Sivui

Kaka yangu mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekula, umelala, na hasira zako ziko pale unapoziweka siku zote, yaani puani. Mgongo unaendeleaje? Na yule mwenzako wa chumba anayekoroma huko ulikohamishiwa kikazi, bado mko naye au mmeshamtoa nje na godoro lake? Sisi huku hatujambo. Mkeo hajambo, bomba la jikoni nimelifunga halivuji tena, na mimi mdogo wako nazidi kupendeza. Ungeniona ungeuliza huyu kijana mtanashati ni wa nani.

Barua yako niliipata. Niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini. Umesema Jumatatu asubuhi nikaripoti kwa rafiki yako msimamizi wa ghala, nivae shati lenye kola, nikae kwenye kiti, niandike mizigo inayoingia na inayotoka, na huu mchezo wa gereji niuache kwa sababu umenichafua kucha na akili. Kucha nakubali. Kuhusu akili, soma kwanza hadi mwisho.

Wiki hiyohiyo gerejini kuliingia gari ambalo wewe hujaliona hata kwenye kalenda. Gari la michezo la zamani, jekundu, viti viwili tu, limeinama chini utadhani linanyatia kuku. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima tunayemwita Mama Glavu, maana hashiki usukani bila glavu za ngozi hata jua likiwaka vipi. Alilinunua akiwa msichana, akakataa kuliuza alipoolewa, akakataa kuliuza alipofiwa, na alitutangazia wazi kwamba atakayemshauri aliuze atamkanyaga nalo. Ugonjwa wake ulikuwa mkono wa gia. Ulikuwa unacheza kama kijiko kwenye kikombe. Ukitafuta namba mbili unapata nne, ukitafuta nne unapata kelele.

Mwenye gereji, Mzee Nati, yule uliyesema ana sura ya mtu anayenusa kitu kinaungua, alisikiliza kidogo akaamuru gia boksi ishushwe, ipasuliwe. Mimi nikasema hapana.

Nikueleze polepole, maana wewe ni mtu wa ofisi. Kwenye gari hili injini iko nyuma na gia boksi iko nyuma, lakini mkono wa gia uko mbele kwa dereva. Kinachoviunganisha ni fimbo ndefu ya chuma inayopita chini ya sakafu, na mwisho wa fimbo kuna kiungo chenye bushi, yaani vijipete vya plastiki ngumu vinavyozuia chuma kisicheze ndani ya chuma. Nilikuwa nimelala chini huku mwenzangu akipiga gia, nikaona kwa macho yangu: mkono unakwenda, fimbo inakwenda nusu. Bushi zilikuwa zimelika zikabaki kama ganda la kitunguu. Gia boksi ilikuwa inasingiziwa tu, maskini.

Mzee Nati aliniuliza mbele ya watu tangu lini fagio likamfundisha mwenye nyumba kufagia. Nikamjibu kwamba fagio ndilo linaloona uchafu kwanza. Gereji nzima ikacheka, na mzee akapanda juu kama maziwa. Akasema haya, nipewe hadi Jumamosi. Gia zote zikiingia bila kushusha gia boksi, nitakuwa fundi na siyo mshika taa. Zisipoingia, nivue ovaroli niende kwenye ghala la kaka yangu nikahesabu magunia. (Ndiyo, habari za ghala lako gereji nzima ilikuwa inazijua. Mdomo wangu hauna breki, huo sijapata vipuri vyake.) Mama Glavu akasema yeye yuko upande wangu, maana ni mimi pekee niliyelala chini ya gari kabla ya kufungua kinywa.

Bushi za gari hilo hazipatikani. Muuza vipuri alinicheka akaniuliza kama natafuta na vipuri vya safina. Nikarudi nyumbani nimenuna. Shemeji alikuwa anakata vitunguu, akaniuliza nimefiwa na nani, nikamweleza. Huku namweleza, macho yangu yakatua kwenye kile kibao chake cheupe cha kukatia, cha plastiki nene, kigumu kama kichwa cha mtu ninayemwandikia. Akaona macho yanakwenda wapi. Akauliza gari lenyewe ni la nani. Nikamwambia la mama mmoja aliyekataa kuliuza. Basi akavihamisha vitunguu kwenye sahani, akakisuuza kibao, akanikabidhi, akasema nisithubutu kurudi na hadithi ya kushindwa.

Nilikata vipande kwa msumeno wa chuma, nikavitoboa katikati, kila kimoja nikakifunga kwenye boliti, boliti nikaibana kwenye drili. Drili inazunguka, mimi nimeshika msasa, mpaka kipande kinakuwa duara. Vya kwanza viliharibika. Vilivyofuata viliingia mahali pake kwa ubishi kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa hapa sikufichi. Kabla ya kulegeza fimbo niliichorea alama ya chaki ili niirudishe ilivyokuwa. Fundi mwenye akili hufanya hivyo. Halafu, kwa kuwa nilijua Mama Glavu atachungulia chini, nikaiosha fimbo kwa mafuta ya taa nikaisugua ing'ae kama vijiko vya wageni. Ikang'aa kweli, na alama yangu ikaondoka na uchafu. Nikafunga kwa jicho. Jicho langu unajua ninavyolisifia.

Jumamosi Mama Glavu akapanda, akakaza glavu, akatia namba moja, na gari likaenda nyuma. Likaparamia pipa la oili chafu, pipa likalala, oili ikasafiri mpaka viatuni kwa Mzee Nati. Kwenye gari hilo rivasi iko kushoto kabisa, inapakana na namba moja, na fimbo niliifunga ikiwa imezunguka kiasi cha unywele. Watu walicheka mpaka mpiga rangi wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Mzee Nati hakucheka. Alinyoosha mkono akadai ovaroli yake.

Nikakataa. Nilimwambia Jumamosi haijaisha na gia boksi iko palepale haijashushwa. Nikaingia uvunguni, juu ya oili hiyohiyo, nikasema anayetaka ovaroli aje aivue huku. Kaka, mzee alinishika mguu kweli, akavuta, akabaki na kiatu. Mama Glavu naye akazima injini, akafunga mlango kwa kishindo, akasema yeye hashuki, na fundi wake hafukuzwi yeye akiwa bado amekaa garini.

Nilimwomba auache mkono kwenye gia huru. Nikalegeza nati moja, nikaizungusha fimbo kidogo kidogo mpaka mkono ukasimama wima wenyewe bila kushikwa, nikakaza. Nilitoka mweusi kuliko tairi. Namba moja ikaingia. Mbili, tatu, nne, rivasi, kila moja na mlio wake mdogo mtamu. Mama Glavu akatoka getini, akazunguka mtaa mzima, na tulimsikia akibadilisha gia kila kona. Alipopita tena hakusimama, alitupigia honi tu.

Mzee Nati alinirudishia kiatu akaniambia nisafishe oili. Kisha, akiwa ameshanipa mgongo, akasema gari lolote litakaloletwa likiwa na ugonjwa wa gia ni langu. Kwa mzee yule hiyo ni hotuba.

Sasa tufike Jumatatu, na kama umesimama, tafuta ukuta.

Ghalani nilikwenda, tena na shati lenye kola. Ila nilikwenda na mkeo. Jumapili nilimwambia kwamba kile kiti kitabaki kitupu kwa sababu mimi sikai. Akaingia chumbani, akatoka na cheti chake cha utunzaji ghala, kile ulichomwambia akiweke kwanza apumzike mlipooana. Akasema amepumzika vya kutosha. Nimfikishe mlangoni, mengine atayasema mwenyewe. Rafiki yako akauliza kijana wa kazi yuko wapi. Nikamjibu kijana ana gari la kutengeneza, mtunza ghala ni huyu. Wakaingia kwenye marundo ya mizigo, rafiki yako akimhoji. Nilipowaacha, shemeji ndiye aliyekuwa anahoji. Kazi ameshaanza.

Alitaka kukuandikia yeye, nikamwomba anitangulize mimi, kwa kuwa hasira zako nimezizoea. Ukiona nimekosa, nifukuze nyumbani kwako, nitatandika godoro gerejini. Lakini kile kiti usikiguse. Ulitaka mtu wa nyumba yako akikalie, na amekikalia vizuri kuliko ambavyo mimi ningekikalia maisha yangu yote.

Nisalimie wote hapo, na yule mkoromaji umfunike pua. Mkeo anakusalimu kwa kinywa kipana. Anasema ukitaka kugombana naye, piga simu jioni. Mchana yuko kazini.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi yuleyule,

Sumbua, fundi wa gia