Nyangi Atakaa Wapi Pasta Akija?

Kegonga
11 Mei 1964

Mwanangu Jerusha,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Mwili wangu ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Mumeo Nicanor hajambo? Na kile kikohozi chako? Watoto wa Nyangi wanakula kama nzige, hawajambo.

Sasa sikia. Pasta Holm anarudi! Yule yule aliyenibatiza, akanifundisha kusoma nikiwa na wewe mgongoni. Amestaafu huko kwao Ulaya, anakuja kuona makanisa aliyoyaanzisha. Mwezi ujao atakuwa hapa. Gisiri, mzee wa kanisa, ameamua mgeni ale kwangu kwa kuwa zamani nilikuwa mpishi wake. Kina mama wananionea wivu. Laiti wangejua ninavyoiogopa siku hiyo.

Atauliza Nyangi ni nani, nami nitasema nini? Sikujaliwa mwana wa kiume, baba yako akafa, na ng'ombe wa mahari yako ndio niliowatoa kumwoa Nyangi, anizalie watoto wa jina la baba yako, boma lisife. Kila Mkuria anaielewa mila hii. Hata Gisiri alikula nyama ya harusi ile na akaomba nyingine ya kubeba. Lakini Pasta alikuwa anamtenga mtu kwa kuonja pombe tu. Akisikia mwanamke ameoa mwanamke, nitaondolewa kanisani mchana kweupe. Na bila kanisa mimi ni nani? Nishauri upesi.

Mama yako


Homa Bay
22 Mei 1964

Mama mpendwa,

Pole kwa mawazo. Kikohozi kimepungua. Nicanor yuko Muhuru Bay kununua dagaa wa omena, atarudi ananuka kama kawaida yake.

Mama, usijitese bure. Sema Nyangi ni msichana wako wa kazi. Watoto washinde kwa jirani yako Nyarangi. Nyangi ni mwelewa, hatakasirika. Ni siku moja tu.

Binti yako, Jerusha


Homa Bay
29 Juni 1964

Mama,

Hujambo kweli? Pasta ameshapita huko na wewe kimya. Jana mtu wa Kegonga alimwambia Nicanor kwamba unaonekana kisimani peke yako, unateka maji mwenyewe. Nyangi yuko wapi? Anaumwa? Niandikie hata mstari mmoja, roho yangu haijatulia.

Binti yako, Jerusha


Kegonga
6 Julai 1964

Jerusha,

Sijambo, na wewe usiwe na hofu juu ya afya yangu. Ni afadhali ningekuwa naumwa.

Nilifanya ulivyosema. Nilimweleza Nyangi, akaendelea kupepeta wimbi. Pasta akafika. Amezeeka sana. Nyangi alipoleta maji ya kunawa, Pasta akauliza, "Dada huyu ni nani?"

Nikajibu, "Ni msichana wangu wa kazi."

Nyangi akasema, "Ndiyo, Bwana. Mimi ni wa kazi tu."

Pasta akamshukuru, basi. Hakuuliza lingine. Alichotaka ni kuonyeshwa kaburi la mkewe, aone kama tunalipalilia.

Kesho yake Nyangi hayupo, watoto hawapo. Nilimfuata kwa baba yake, na hakuna aliyenipa kiti. Nyangi akaniambia uani, "Mama, mtu wa kazi akimaliza kazi si anaenda kwao? Mimi nimemaliza." Nilimwita mke wangu, nikamsihi. Akasema, "Hapa kila mtu anajua hiyo. Mwambie yule mzungu."

Baba yake akirudisha ng'ombe, watoto si wetu tena na jina la baba yako limekwisha. Pasta bado yuko Migori, na Sabato hii atapita hapa kuaga. Nimemtumia Nyangi habari aje kanisani. Naandika mapema ili usije ukasikia mambo yangu kwa watu. Niombee, mwanangu.

Mama yako


Kegonga
13 Julai 1964

Jerusha wetu,

Salamu kwako na kwa Nicanor. Sisi wote tu wazima.

Nyangi alikuja, akasimama mlangoni mwa kanisa na watoto. Pasta alipomaliza kuaga nikainuka. Nikasema, "Pasta, nilikudanganya. Huyu si wa kazi. Ni mke wa nyumba yangu, mimi ndiye niliyemwoa, na hawa ni watoto wa marehemu mume wangu."

Gisiri akakazia macho viatu vyake. Pasta aliomba aelezwe tena, halafu akanitazama kwa huzuni na kusema wazee wataamua. Wakaambiwa wanaotaka nitengwe wainue mikono. Gisiri ndiye aliyeanza. Wote waliokula nyama ile ya harusi waliinua, na nilikuwa nimewapakulia kwa mikono yangu. Nililia, Jerusha, sitakuficha.

Nilipotoka, Nyangi alichukua Biblia yangu, akaitia kwenye kikapu chake pamoja na nguo za watoto, tukaja nyumbani.

Naiogopa Sabato ijayo kuliko nilivyomwogopa Pasta. Leo Nyangi ameniuliza, "Mama, sasa Ijumaa nipike chakula cha Sabato, ama siku hizi tutawasha moto Jumamosi kama watu wengine?"

Nimemwambia apike Ijumaa.

Mama yenu