Uje Kiangazi au Uje Baridi

Kwako Dada Mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba kwa zile siku ambazo simu haikushika. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yametulia, na cherehani haijaanza tena kukata uzi. Wajukuu hawajambo? Shemeji je, bado anabishana na redio? Mimi huku ni mzima wa kula na kutembea. Baridi imeanza kunusanusa mlango, lakini mimi naye tumeshazoeana.

Ujumbe wako nimeupata. Niliusikiliza nikiwa nimesimama juu ya mteremko, nyuma ya nyumba ya boila, ule mtambo unaopasha nyumba zote joto, maana ndipo mtandao unapopatikana. Nikacheka peke yangu mpaka mpishi akachungulia dirishani. Eti wanao wamechanga wakupeleke mapumziko, wewe ambaye hukupumzika hata siku ya harusi yako, na ukawaambia hutaki hoteli ya mtu, unataka kuja kwa Kitinda kwenye nchi ya baridi. Fundi simu, mwanao wa pili, anasema usubiri kiangazi kijacho, kwa sababu kila mwenye akili huja huku kiangazi. Mjukuu naye amegoma kula mpaka uahidi kumletea picha ya theluji. Na wewe ukakata shauri kwamba Kitinda ndiye anayeishi huko, basi Kitinda aseme, tiketi ingoje neno lake.

Nilitaka kukupigia nikujibu. Lakini simu yenu mnaiweka mezani ikasema kwa nyumba nzima, na jibu langu si la nyumba nzima. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu unaujua, tuliachana na shule kabla haujakomaa, kwa hiyo nivumilie.

Nianze na kiangazi. Haki ya Mungu, kiangazi cha huku ni kizuri. Nyumba zetu za wageni ni za mbao, zimelizunguka ziwa, na jua halitaki kwenda kulala, watoto wa wageni wanaogelea mpaka mama zao wawafuate na fimbo. Maua yanaota hata pale ambapo hakuna aliyeyaomba. Ungekaa kwenye kiti cha bustani ukanyoosha miguu, na hakuna ambaye angekuuliza chumvi iko wapi. Kwa magoti yako, hapo hakuna mjadala.

Tatizo ni kwamba hungeniona. Kiangazi mimi ndiye wa kubeba masanduku, wa kubadili mashuka, wa kukata nyasi na wa kuzibua vyoo, naitwa kila kona kama mtoto mtukutu. Tunalala wanne chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na wa juu yangu anakoroma kama mashine ya kusaga. Mwaka huu mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kwetu ni wapi. Nilifurahi, Dada, nikaweka ndoo chini ili nimjibu vizuri. Mume wake akaomba taulo. Nikaenda kuleta taulo, na niliporudi mama alikuwa ameshasahau kwamba aliuliza kitu.

Sasa baridi. Wapo wageni wanaopenda theluji, lakini hao huenda upande wa pili wa mlima, wanafunga mbao miguuni na kuteleza, watu wazima na akili zao wanalipa ili waanguke. Upande wetu unafungwa. Mpishi anakwenda kwao, wafuaji wanakwenda kwao, tajiri anafunga ofisi, anabaki mmoja wa kutunza nyumba. Huyo mmoja ni mimi, kwa sababu kazi ya mwaka mzima haikataliwi.

Sitakudanganya. Theluji ya siku ya kwanza utaipenda, ya siku ya tatu utaitukana. Niliwahi kuanika suruali nje, ikaganda, ikasimama yenyewe kama askari wa zamu, nikaipigia saluti. Giza linaingia kabla chai ya mchana haijapoa. Njia inateleza kama sabuni, itabidi utembee na mkongojo wenye msumari chini. Nimeshaanza kuuchonga, ingawa sijui kama utauhitaji.

Kazi yenyewe ni kwenda mlango hadi mlango kila asubuhi. Nafagia theluji kwenye ngazi, naingia, nashika kipasha joto kama kinafanya kazi, naacha bomba likidondosha maji kidogo kidogo ili yasigande ndani na kupasua mabomba. Nafunga, naenda mlango unaofuata. Ndiyo siku imekwisha.

Na hapa ndipo penye neno langu. Dada, ulinilea ukisema mlango wa mtu hauingiliwi kimya. Hata jikoni kwako ulikuwa unanirudisha nje nikapige hodi upya. Basi huku nikifika mlangoni, najua ndani hakuna hata panya, lakini mdomo wenyewe unasema hodi. Baridi ya kwanza nilikuwa nasema hodi na kuingia, najicheka. Baridi ya pili nikaanza kujiitikia, kwa sauti yako ile ya kuvuta: karibu, futa miguu. Nafuta miguu, naingia, nafungua bomba. Usifikiri nimerukwa na akili. Siku ilikuwa inapita vizuri zaidi namna hiyo.

Baridi iliyopita theluji iliufunga mteremko, nikakaa muda mrefu bila kuufikia mtandao na bila kuisikia sauti ya mtu yeyote. Asubuhi moja nikafika nyumba ya mwisho, ile ya kando ya ziwa, nikapiga hodi, na sauti yako haikuja. Maneno nilikuwa nayo, lakini yalitoka kwa sauti yangu mwenyewe, na mtu hawezi kujikaribisha kwenye nyumba ya watu. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu. Ulinifundisha kwamba ya tatu isipoitikiwa mtu aondoke, lakini niondoke niende wapi? Nikasimama. Nikajiambia ingoje kidogo, itakuja. Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu.

Aliyenikuta ni dereva wa lori la mafuta ya boila, aliyekuja kunitafuta njia ilipofunguka. Alidhani nimejifungia nje. Akaniuliza namngoja nani, nikamwambia nangoja wanikaribishe. Akayatazama madirisha yenye giza, akanitazama mimi, na hakucheka. Akanivuta hadi kwenye lori, akaniwekea miguu karibu na injini, akanipeleka hospitali. Kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeganda kwa baridi, hawakuweza kukiokoa. Ndiyo hivyo, Kitinda amemzika kitinda mwenzake. Ndiyo maana katika picha zote za mwaka huu nimevaa viatu. Sikuwaambia, kwa sababu sikujua nianzie wapi kueleza kwamba sikupotea njia wala sikulewa, nilikuwa nangoja hodi yangu iitikiwe.

Kwa hiyo, ukiniuliza habari ya mapumziko, fundi simu yuko sawa, njoo kiangazi. Lakini umesema mimi ndiye niseme. Basi Dada, nakuomba uje baridi hii.

Tajiri nimeshamwambia. Ameniruhusu nikuweke kwenye hiyo nyumba ya mwisho, ina vyumba viwili na jiko la kuni, akasema mgeni wa baridi halipi kodi kwa sababu hana akili. Magoti yakikataa, hutatoka nje hata siku moja. Keti karibu na moto na mshono wako. Mimi nitazunguka milango yangu yote, na huo wa mwisho nitaufikia saa ya chai. Ufunguo ninao, lakini sitautumia. Nitapiga hodi. Usiharakishe, maliza kwanza tundu la kifungo ulilolishika, kisha uitike kama unavyoitika siku zote.

Njoo na soksi nene na shuka lako unalolipenda. Msalimie shemeji, mwambie aiache redio nayo iseme. Fundi simu akate tiketi ya baridi na asiulize sababu, na mjukuu ale chakula chake, picha ya theluji ataipata mpaka aichoke. Barua hii isome peke yako, kisha uifiche pale unapoificha sukari.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anafuta miguu,

Kitinda