Samaki Aliyekwisha Ukoo

Matema, Jumatano. Mvua haijakatika tangu alfajiri na milima yote imefunikwa. Kifua kimenibana. Naandika nimeegemea ukuta.

Leo nimemwambia Tumpe.

Tumpe ni dada yangu mdogo, mfinyanzi. Hajui hata herufi moja. Mimi nilisomeshwa na wamisionari ng'ambo ya ziwa, nikarudi mwalimu. Hata hivyo tangu utotoni namwonea wivu, kwa kuwa yeye akitazama kitu hukiona.

Miaka kadhaa iliyopita, akichimba udongo wa vyungu, alipasua jiwe akakuta ndani umbo la samaki, mifupa yote mahali pake. Mdachi mmoja aliyekuwa akitafuta makaa ya mawe alitaka kujua Tumpe anadhani ni nini. Mimi nikawa mkalimani.

Tumpe akasema kwa Kikisi, "Huyu ni jamaa wa samaki wetu, ila ukoo wake umekwisha. Si unaona samaki wa mwamba huu hawafanani na wa mwamba ule? Bibi yao mmoja. Kila mjukuu alifuata chakula chake, midomo ikageuka kidogo kidogo. Huyu hakugeuka, ziwa likamwacha."

Mimi jambo hilo nililisoma kitabuni kwa taabu. Yeye alilitoa kwenye tenga la samaki.

Nikamgeukia Mdachi. "Anasema ni kazi ya mizimu."

Jioni nilimfuata hemani, nikamweleza maneno ya dada yangu kama yangu. Aliyaandika yote, akanipa mkono. Jiwe akaondoka nalo. Tumpe aliponiuliza, nilimjibu, "Amecheka. Kasema hayo ni maneno ya jikoni."

Tangu siku ile hakutaja tena habari za samaki, hata kwa wajukuu.

Leo aliponiletea uji wa mchele nilimwungamia, macho nimefumba. Nilingoja alie, au aondoke.

"Kwa hiyo nilisema kweli?"

"Ulisema kweli."

Alicheka hadi uji ukamwagikia mkeka. "Ndaga, asante, mwalimu. Miaka yote najiona mjinga, kumbe mjinga ndiye huyu ninayemlisha."

Akapangusa mkeka. Kisha akauliza, taratibu, kama sisi watu nasi tutageuka, au ziwa litatuacha.

Vitabu vyangu vyote, na swali hilo halijanijia hata mara moja.

Ameshanisamehe. Mimi wivu umenirudia kabla hajafika mlangoni. Je, nitazikwa nao?