Folda za Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 3 Machi
Saa moja na nusu asubuhi. Kituo bado kitupu. Nimefungua torenti, ile programu ya kugawana mafaili kati ya kompyuta na kompyuta, kabla hata ya kuvua koti. Video zote za ukunga zimeshashuka, folda thelathini na moja, na wenzetu wa zahanati ya Bashay wanazivuta kutoka kwenye mashine yetu. Waliozitengeneza wanazigawa bure, ila majina waliyozipa folda ni balaa. Herufi, namba, herufi. Leo nimebadilisha kumi na mbili, humo humo ndani ya torenti. "Usimamizi wa Uvujaji wa Damu Baada ya Kujifungua." Kiswahili safi. Mimi ni mtunza kumbukumbu tu, lakini hapa Tumati hakuna mwingine angeweza hii kazi. Nasema ukweli.

Jumatano, 5 Machi
Mama Paskalina, mkunga wetu mkuu, alikwama mbele ya kompyuta na manesi wawili wapya. Anatafuta video ya kondo la nyuma lililogoma kutoka. Nikampa shikamoo, nikamfungulia. Akasoma majina yangu, kidole kwenye kioo.
"Binti, haya ni majina ya kwenye cheti. Nani atayasoma akiwa na haraka?"
Nilicheka kwa adabu. Moyoni nimekasirika. Nesi asome, alisomea nini?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeharibu.
Jumanne Mama Paskalina anakwenda Bashay kuwafundisha wakunga. Video lazima ziwe zimefika kule. Mimi nikataka kumaliza folda kumi na tisa zilizobaki kwa mpigo. Torenti nikaiona inanichelewesha. Nikabadilisha majina kwa nje, kwenye kompyuta yenyewe, torenti ikiwa inafanya kazi. Mstari ukawa mwekundu: faili hazipo. Nikabonyeza ianze. Ikaanza kushusha upya zote kumi na tisa kutoka sifuri, kwa majina ya zamani.
Saa nane Nesto, tabibu wa Bashay, akapiga simu. Yao imesimama asilimia arobaini. Kwetu kuna nini? Nikasema mtandao.
Uongo. Sijazoea kudanganya kwa sababu sijazoea kukosea. Mama Paskalina nimemkwepa mpaka natoka.

Jumamosi, 8 Machi
Siku yangu ya kupumzika. Nimekwenda kituoni hivyo hivyo.
Kwanza Nesto. Nikamwambia nilikosea mimi, si mtandao. "Basi rekebisha, dada."
Nimerekebisha. Kusimamisha torenti. Kufuta folda mpya zilizoanza kushuka, zenye video kamili nisiziguse. Kurudisha majina ya mwanzo, moja moja, nikiyatazama kwenye orodha ya torenti. Kisha kuiamuru ikague upya. Nikakaa naangalia asilimia zinavyopanda. Tisini na sita, ikagoma. Jasho la kwapa. Nikapitia tena kila jina. Folda moja nimeandika b badala ya d. Nikasahihisha, nikakagua tena. Mia.
Saa tano kasorobo Bashay wakaanza kuvuta. Sikumwita fundi. Kazi hii naijua.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwendea Mama Paskalina mwenyewe, nikamweleza yote. Hakunisema. Nikamuuliza: shida ikitokea wodini, wewe unaita vipi?
Akafikiri. "Damu haikatiki."
Nikaandika. Kondo halitoki. Mtoto halii. Mama anatetemeka. Thelathini na moja zote, ndani ya torenti safari hii, na Bashay hawakukatika hata dakika moja. Majina yangu marefu nimeyafuta. Folda tatu za kwanza ziliniuma. Baada ya hapo nikawa nacheka.
Nikamwambia majina haya ni ya mashine yetu tu. Kule video zinafika na herufi na namba zake.
"Basi na wao watazipa majina yao," akasema. "Nitaanza na hilo."

Jumanne, 11 Machi
Saa mbili asubuhi: Bashay mia kwa mia. Mama Paskalina ameondoka na gari la chanjo. Nimeshinda kwenye mafaili. Siku nzuri.

Ijumaa, 14 Machi
Jana Bashay kuna mama alivuja damu vibaya baada ya kujifungua. Nesi aliyekuwa naye ana miezi miwili kazini. Nesto anasema Jumanne nesi huyo alifanya zoezi la kuzuia damu mara tatu, video mbele yake, Mama Paskalina pembeni. Jana hakuhitaji kuangalia popote. Mikono ilijua, damu ikakatika.
Mama huyo wamemleta kwetu aangaliwe. Nimepita wodini saa nne. Amekaa kitandani, anakunywa uji, uso umepauka. Mumewe kambeba mtoto kwa woga, viwiko vimekakamaa. Mama Paskalina anamwonyesha namna ya kushika kichwa.
Mtoto bado hana jina. Kwenye faili lao, hali ya mama nimeandika mzima. Hali ya mtoto, mzima. Nimeandika taratibu, kwa mwandiko mzuri.