Nimemwambia Mke Wangu Ni Jenereta

Tarehe 9 Agosti, miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Shangazi mshauri, shikamoo. Naandika nimekaa juu ya mfuko wa saruji, mapumziko ya mchana, na ukiona mwandiko umeteleza ujue nimesinzia, maana usingizi ndio ulionileta kwako. Mimi ni mwendesha mashine ya zege, shule niliishia darasa la sita, tunalala watu sita chumba kimoja na mimi nakoroma, tena wenzangu wamebandika mlangoni zamu ya nani anirushie kiatu, Jumatatu fundi wa plasta, Jumanne fundi wa kuchomelea, na huyo ana buti lenye chuma. Lakini ajabu, shangazi, wanasema kukoroma si kitu, wanachoogopa ni nikinyamaza. Fundi wa plasta aliniambia, "Kaka, unazima kabisa! Nahesabu mpaka thelathini, halafu unakohoa kama mashine yako ikiwashwa asubuhi. Mimi huku kiatu mkononi, sijui nirushe au nikuombee."

Naamka kichwa kinagonga, nimechoka kuliko nilivyolala, na wiki iliyopita nilisinzia nimesimama, zege likamwagikia viatu vya msimamizi, likaanza kuganda huku bado ananifokea. Alinipeleka kliniki mwenyewe, akiwa peku. Daktari akanipaka mafuta ya baridi kifuani, akautazama moyo kwenye kioo cha kipimo, akasema presha iko juu na ukuta wa moyo umenenepa, eti koo linaziba nikilala, nikachukue mashine ya kupuliza hewa yenye barakoa ya kulalia. Sasa mimi ni mtu wa ujenzi, ninavyojua ukuta mnene ndio imara, na chumbani walinipongeza, fundi wa kuchomelea akasema, "Sisi tumejaza mikono tu, mwenzetu kajaza mpaka moyo!" Basi barakoa sikuichukua.

Shida yangu ni mke wangu. Siku moja nilisinzia simu ikiwa sikioni, kesho yake akaniuliza, "Baba watoto, ile ngurumo ilikuwa ya nini?" nikasema ni jenereta la jirani, na tangu hapo kila akipiga simu ananipa pole ya jenereta. Nikirudi na jenereta hilo nyumbani nitasema nini? Na akiniona na mpira wa barakoa usoni, si atakimbia na watoto? Nisaidie, nimfiche vipi? Nategemea kurudi tarehe 20 Desemba.

Mwendesha Mashine ya Zege

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, baba watoto. Pole kwa buti, na msimamizi mpe pole yangu ya viatu.

Unaniuliza umfiche vipi mkeo, wakati hata kumfikia huna hakika! Hebu nijibu wewe mtu wa ujenzi: chumba hakiongezeki kwa nje, lakini kila siku unapaka plasta nyingine kwa ndani. Baada ya mwaka kitanda kitaingia? Moyo wako ndio hicho chumba. Koo likiziba, hewa inakatika, presha inapanda, na moyo unasukuma damu kwa taabu, mara nyingi kila saa unayolala. Ukuta unanenepa kwa mateso, unakuwa mgumu, nafasi ya damu inapungua, mapigo yanaweza kuvurugika, na mwisho moyo unashindwa kazi. Mashine ya zege ungeizima na kuiwasha hivyo, ungefukuzwa kabla ya chai. Na hao waliokupongeza, waambie shangazi kasema warudi kwenye plasta.

Kesho, si keshokutwa, rudi kliniki uchukue barakoa, uivae kila unapolala, hata mchana. Dawa za presha zimeze kama utakavyoelekezwa. Lala ubavu, na kama unakunywa pombe ya kuletea usingizi, iache. Mwambie msimamizi akutoe kwenye mashine na akuweke chini, mbali na ngazi, mpaka usinziaji uishe. Zamu ya mlangoni msiifute: mwenye zamu aweke kiatu chini, aangalie barakoa isikutoke usoni.

Halafu mpigie mkeo leo, ukiwa macho, umwambie jenereta ni wewe. Atacheka, atakasirika, atauliza maswali hamsini. Yajibu yote. Mwanamke anayekupa pole ya jenereta kila akipiga simu hawezi kukimbia kipande cha mpira.

Tarehe 20 Desemba akikuuliza jenereta umeliacha wapi, mwambie limezimwa, na mumewe anapumua.