Ndama Wawili kwa Kamba Moja

Mayi, mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kutoka huku kwenye baridi, nikitumai umeamka na magoti mazuri na kwamba ile dawa unaipaka, si kuiweka kabatini uwaonyeshe wageni. Mahindi yamefika wapi? Wekesa aliniambia mvua ya Tongaren ilikawia, kisha ikaja yote kwa wiki moja. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Simu iko kwa Wekesa, na huyo kaka yangu akiongea na mtu wa ng'ambo soko lote husikia.

Kati ya watu wa nyumbani nakuambia wewe kwanza. Wewe utajua namna ya kumwambia Baba.

Mwisho wa mwezi ujao natakiwa kusimama mbele ya walimu watatu niitetee kazi yangu ya miaka minne. Nikipita, nitaitwa daktari wa hisabati, na Baba hachoki kunikumbusha kwamba hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kufika hapo. Jumapili alinipigia tena kwa simu ya Wekesa. "Nasimiyu, fahali nishachagua, ni ule mweusi. Na pasta ametangaza kanisani. Si ukuje tu na hiyo kofia bana, watu waone!" Nilicheka naye. Sikumwambia kwamba wakati huo nilikuwa nimeshaliona kosa ndani ya kazi yenyewe.

Ngoja nikueleze, na usiniambie ati hesabu si zako. Unakumbuka Kukhu, mama yake Baba, alivyokataza mtu kuhesabu watoto au mifugo, kwamba ukiwahesabu unawaitia kifo. Basi wewe jioni hukutaja namba hata moja. Ulitundika kamba za ndama ukutani, kila ndama na yake, na tukishamaliza kuwafunga ulitazama ukuta tu. Kamba ikibaki, unatutuma mtoni tukamtafute aliyepotea. Nilipofika chuo kikuu mhadhiri aliandika jambo hilohilo ubaoni kwa herufi ngeni. Wavulana walikuna vichwa, mimi nikauona ukuta wetu. Tulikuwa wasichana wawili katika darasa lile. Mwenzangu alihamia somo lingine mwaka wa pili, nikabaki peke yangu na wale wavulana na kelele zao.

Hata kule Kitale nilipofundisha, naibu wa mwalimu mkuu alinipa kidato cha kwanza tu, ati hesabu za kidato cha nne zinataka mwanaume. Ulinishauri nifunge mdomo nifundishe. Nilifundisha, na mwaka wa tatu akanipa kidato cha nne mwenyewe, bila hata kuniangalia usoni.

Sasa hii kazi yangu ni ya kuonyesha kwamba makundi mawili ya vitu yanalingana, ingawa hakuna mtu anayeweza kuyahesabu yakaisha. Kwa kurasa mia na kitu nimempa kila ndama kamba yake. Wiki mbili zilizopita nilikaa kuisoma upya, na kikombe cha chai ya huku ambayo maziwa yake ni ya kudokeza tu. Kufika ukurasa wa arobaini nikaona nimefunga ndama wawili kwa kamba moja. Si mahali pote, ni katika hali moja isiyotokea sana. Kila ndama ana kamba, hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Kuna kamba imebaki ukutani na mimi sikutazama! Mimi, mtoto wako!

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilisifiwa sana.

Hakuna mwingine aliyeliona. Profesa wangu, mzee mpole sana, amesoma kazi yote mara tatu. Nilimwambia Halima peke yake, yule msichana wa Bungoma mjini niliyekutajia, anayesomea uuguzi huku, ambaye baba yake ana duka la nguo karibu na msikiti. Alinishangaa. "We Nasimiyu, wacha! Si wamesoma na hawajaona? Pita kwanza, utarekebisha baadaye. Kwani nani ataumia?"

Nilijiuliza swali hilo kwa siku nyingi, nikijaribu kuziba pengo lenyewe. Halijazibika. Naogopa, Mayi. Nikisema, siku itaahirishwa, na ruhusa yangu ya kukaa huku inaisha muda si mrefu. Naweza kurudi na sanduku la vitabu tu. Pale chuoni kwetu wapo waliosema waziwazi kwamba nafasi hii ya kuja kusoma huku ilimstahili mwanaume. Hao watafurahi. Lakini wanaoniumiza zaidi ni wale wasichana niliowafundisha Kitale. Waliniandikia barua, na mmoja akauliza kama kichwa cha mwanamke hakiumi kwa hesabu nyingi hivyo. Nitamjibu nini?

Na nikinyamaza, siku moja mtu atakuja kujenga juu ya ukurasa wa arobaini. Pengine ni yule msichana mwenyewe aliyeniuliza. Nyinyi wazee mnasema mficha uchi hazai.

Mwambie Baba taratibu, akiwa ameshakula, na umzuie asiende kwa pasta na hasira. Usimwambie nimeshindwa. Mwambie kazi haijaisha. Nisalimie Wekesa na mke wake, nisalimie Shangazi wa Cheptais aliyenifunga shuka siku nilipoondoka, na mke wa pasta, ambaye najua ataomba kwa sauti kubwa na kutaja jina langu lote.

Nisamehe jambo moja. Nimekuandikia kama mtu anayeomba ushauri, na sivyo. Leo asubuhi niliandika karatasi moja, nikataja ukurasa na mstari, nikampa Profesa mkononi kabla sijakaa kukuandikia wewe. Nilijua nikianza na barua yako nitauona uso wa Baba, na ile nyingine haitaandikwa. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Naandikia hapa ukumbini, kwenye kiti kinachotazamana na mlango wake. Bado umefungwa.

Mimi binti yako,
Nasimiyu